Mauti ya Hari na Fardhi ya Jirani

Katika mwezi wa Agosti mwaka 2003 nchi ya Ufaransa ilishukiwa na hari ambayo watu wake hawakuizoea wala hawakuitazamia. Nchi ile ni ya hewa ya wastani. Nyumba zake zimejengwa ili baridi isiingie na moto wa ndani usitoke, na mavazi yake na saa zake za kazi vyote vimepangwa kwa kumchelea adui mmoja, naye ni majira ya baridi. Hari ile ilidumu kiasi cha wiki mbili. Mji wa Paris ulikaribia digrii 40 mchana, na katika usiku mbili za kati ya siku hizo joto halikushuka chini ya digrii 25. Ilipokwisha, na hesabu ikafanywa, ilionekana kuwa waliokufa katika siku 20 za mwanzo wa mwezi ule walizidi desturi kwa watu 14,802. Na katika nchi za Ulaya kwa jumla, kiangazi kile, waliozidi walipita 70,000.

Hesabu hii si ya vita wala si ya tauni. Hapana jeshi lililovuka mpaka, wala hapana ugonjwa ulioletwa na jahazi. Wengi wa waliokufa walikuwa wamepita umri wa miaka 75, na wanawake walikuwa wengi kuliko wanaume. Walikufa katika mji wenye matabibu na magari ya wagonjwa na simu katika kila nyumba, na maji safi yakitoka katika kila mfereji. Basi pana suala hapa ambalo halihusu hewa peke yake: watu hawa waliuawa na nini, au na nani? Na nyuma ya suala hilo pana jingine lililo zito kuliko hilo. Kosa likigawanywa kwa watu wengi, hata fungu la kila mmoja likawa dogo kiasi cha kutohisiwa na mwenyewe, je, kosa hilo lingaliko? Na kama liko, ni la nani?

Lakini kabla ya kuingia katika suala hilo yapasa kwanza kukiondoa kicheko. Kwani khabari ya watu kufa kwa joto la Ulaya inapofika pwani, katika baraza na mbele ya misikiti baada ya sala, jambo la kwanza linaloonekana katika nyuso za wasikilizaji ni tabasamu. Husemwa, digrii 39 ni nini? Mwezi wa Februari na Machi, upepo wa kaskazi unapolala, mtu wa Mombasa au wa Unguja hulowa jasho tangu asubuhi na kazi yake aifanya. Na mwenye jamaa Maskati hutaja ya huko, kwamba kiangazi chao hupita 45. Basi hao wa Paris wamekufa kwa kuzoea anasa.

Maneno haya hayana ukweli, na anayeyasema hana kheri anayoipata kwayo. Joto halipimwi kwa chombo cha digrii peke yake. Hupimwa pia kwa nyumba na kwa mwili wa anayelichukua, na kwa usiku unaofuata mchana wake. Mwili wa mwanadamu hutaka kukaa katika digrii 37. Unapopata joto hupeleka damu kwenye ngozi na kutoa jasho, na jasho likikauka hutwaa joto likaondoka nalo. Kazi hii ni ya moyo kabla ya kuwa ya ngozi. Moyo wa kijana huiweza. Moyo wa mzee wa miaka 80, aliyekwisha kuugua, ambaye kiu yake imepungua kwa umri hata hajui kuwa mwili wake umekauka, na pengine anatumia dawa zinazozidi kumpunguzia maji, huiweza siku moja, na ya pili, na akipata usiku wa baridi hupumzika. Asipopata usiku wa baridi hata mara moja, kila siku humkuta na deni la jana. Kwa hiyo usiku zile zisizoshuka chini ya 25 ziliua kama mchana ulivyoua.

Na nyumba zao ni jambo jingine. Mtu wa pwani amerithi kuta nene za mawe ya matumbawe, na dari ndefu, na madirisha yanayokabiliana ili upepo upite, na paa la makuti kwa asiyekuwa na uwezo wa mawe. Na mtu huyo huyo, akiiacha nyumba hiyo akahamia chumba cha matofali chini ya bati tupu, hujua mara moja alichokipoteza. Paris imefunikwa kwa mabati ya zinki sehemu kubwa ya mapaa yake. Chini ya mabati hayo, katika ghorofa ya sita au ya saba, mna vyumba vidogo vilivyojengwa zamani kwa ajili ya watumishi wa nyumba, na baadaye vikapangishwa kwa wenye pato dogo. Wataalamu wa afya wa Ufaransa walipochunguza baadaye ni nani waliokufa na ni nani waliosalimika, waliona kuwa kulala chini ya paa, ghorofa ya juu kabisa, kulikuwa katika mambo yaliyozidisha khatari, pamoja na maradhi ya zamani na kutoweza kutoka kitandani. Aliyekuwa chini ya mabati yale hakuwa katika hewa ya Paris iliyotangazwa. Alikuwa katika hewa nyingine, kali zaidi, isiyopimwa na mtu.

Na anayedhani kuwa mazoea humtosha mtu na azikumbuke siku za Hija za Juni 2024. Penye Msikiti Mtakatifu wa Makka joto lilipimwa likafika digrii 51.8, na serikali ya Saudia ikatangaza kuwa mahujaji waliokufa walipita 1,300. Wengi katika hao walitoka katika nchi za joto. Na sehemu kubwa yao, zaidi ya wanane katika kila kumi, walikuwa wameingia bila ya kibali, kwa hiyo hawakuwa na hema lililowekewa baridi wala basi la kuwachukua. Walitembea juani masafa marefu. Basi hapo pia hari ilimchagua mtu kwa mahali alipolala na kwa kuandikwa au kutoandikwa katika daftari. Jambo hili la daftari litarudi mbele.

Sasa yatazamwe waliyoyafanya watu wa Ufaransa wenyewe, kwa utaratibu wa siku zao. Mwanzo ilikuwa furaha. Agosti ni mwezi wao wa mapumziko. Maduka hufungwa, miji hubaki nusu tupu, na mwenye uwezo hwenda baharini au milimani. Jua lilipozidi, waliobaki Paris waliingia katika chemchemi za viwanja vya mji wakaoga na watoto wao, na picha zao zikatolewa magazetini kama picha za sikukuu. Baadaye yakaja manung'uniko: barafu imekwisha, mapangaboi yamekwisha madukani, hapana usingizi. Haya yote yalisemwa na wenye sauti. Wale waliokuwa wakifa hawakuwa katika furaha ile wala katika manung'uniko yale, kwani walikuwa ndani, na mapazia yameshushwa.

Tarehe 10 Agosti daktari mmoja wa wagonjwa wa dharura, Patrick Pelloux, alisimama mbele ya televisheni akasema kuwa watu wapatao 50 wamekufa kwa hari katika Paris na pambizo zake kwa siku nne, na kwamba wenye mamlaka wasema ni mauti ya kawaida. Siku ya pili yake waziri wa afya, Jean-François Mattei, alionekana katika televisheni hiyo hiyo akiwa bustanini mwa nyumba yake ya mapumziko, amevaa shati la mapumziko, akiwatuliza watu. Raisi wa nchi, Jacques Chirac, alikuwa Kanada akipumzika, na hakuwahutubia watu wake juu ya jambo hili hata tarehe 21. Kabla ya hapo, tarehe 18, mkuu wa idara ya afya, Lucien Abenhaim, alikuwa amejiuzulu. Na waliotangulia kuona ukubwa wa msiba hawakuwa maofisa: walikuwa wenye kazi ya kuzika. Majokofu ya maiti yalijaa, na ukumbi wa baridi katika soko kuu la vyakula la Rungis, lililo nje ya mji, ukachukuliwa kuwekwa wafu. Wazishi ndio waliosema kuwa wamepita elfu kumi, wakati serikali ingali ikihesabu polepole.

Khalafu ikaja siku ya kulaumiana, na hii ndiyo khasa inayotaka kutazamwa. Wapinzani wa serikali walisema kosa ni la mawaziri waliokwenda kupumzika. Watu wa serikali walisema hawakupewa khabari na idara zao. Idara nazo zikasema hazikupewa khabari na hospitali. Wengine wakalaumu sheria ya saa 35 za kazi kwa wiki, kuwa ndiyo iliyopunguza watumishi hospitalini. Na sauti nyingi, za wakubwa na za magazeti, zikawaelekea watoto wa wale wazee: ninyi mlikwenda pwani mkawaacha mama zenu wafe. Lawama hii ya mwisho ilipendwa sana, na sababu yake yaonekana wazi. Ilimpa kila mtu mkosaji asiyejulikana kwa jina. Waziri ana jina na anaweza kujitetea; mtoto mwovu aliyekwenda pwani hana jina, kila mtu humjua na hapana anayekiri kuwa ndiye.

Nayo haikuwa kweli yote. Sehemu kubwa ya waliokufa walifia hospitalini na katika nyumba za kulelea wazee, mahali ambapo hapana aliyeachwa peke yake kwa maana ya kukosa mtu karibu naye. Wako waliokufa na wana wao wakiwasimamia. Wako ambao hawakuzaa, au waliowazika watoto wao kabla yao, kama inavyompata kila aliyepewa umri mrefu. Basi kusema kuwa wazee 14,802 waliuawa na uasi wa watoto ni kuwasingizia maelfu ya watu waliofiwa, na kumwongezea mfiwa msiba juu ya msiba wake.

Lakini walikuwako waliobaki bila ya mwenyewe. Mwisho wa Agosti mamia ya maiti walikuwa wangali katika majokofu ya Paris, hapana aliyekuja kuwadai. Jamaa wakatafutwa, na wengi wakapatikana. Wakabaki 57. Tarehe 3 Septemba walizikwa katika makaburi ya Thiais, kusini ya mji, katika sehemu ya wasiokuwa na mtu, kila mmoja katika kaburi lake, na Raisi wa nchi akahudhuria pamoja na meya wa Paris. Mwanahistoria wa Kimarekani, Richard Keller, aliwafuatia baadaye wale waliokosa mwenyewe, akazipanda ngazi za nyumba walizofia na kuwauliza waliokuwa wakikaa nao, akaandika kitabu juu yao kilichotoka mwaka 2015. Aliwakuta si wote waliokuwa wazee sana. Walikuwamo walevi, na walioharibikiwa akili, na waliokatana na ndugu zao kwa miaka mingi. Na alikuta kuwa wengi wao hawakuwa hawajulikani kabisa. Mlinzi wa mlango aliwajua, muuza duka aliwajua, jirani wa ukutani aliwajua, angalau kwa kero zao. Kila mmoja alikuwa na kipande cha khabari yao, na vipande hivyo havikukutana mpaka mwenyewe alipokwisha kufa.

Hapa ndipo suala la kwanza linaporejea. Maulamaa wa usuli wana mlango mmoja unaofaa kutumiwa kama mizani, bila ya kudai kuwa watu wa Paris wanahukumiwa kwa fiqhi isiyokuwa yao. Fardhi ziko namna mbili. Iko fardhi ya ain, iliyo juu ya kila mtu kwa nafsi yake, asiyoweza kufanyiwa na mwingine. Na iko fardhi ya kifaya, ambayo yatakikana ifanywe, yeyote awaye mfanyaji. Wakiifanya baadhi huwaangukia wote, na wakiiacha wote hupata dhambi wote. Mfano ujulikanao na kila mtu ni wa maiti: kumuosha, kumkafini, kumsalia na kumzika. Mji ukimwacha maiti mmoja asizikwe, mji mzima una makosa.

Tazama basi lililo katika mlango huu. Watu wengine hudhani kuwa jambo la wengi ni jambo jepesi, kwamba kosa likiwa la watu elfu basi kila mmoja ana sehemu moja katika elfu. Fardhi ya kifaya haisemi hivyo. Haigawanyi dhambi mafungu mafungu kama nyama ya akika. Husema kuwa kila aliyejua na akaweza na akaacha ana dhambi ya kuacha, nzima. Wingi wa walioacha haumpunguzii mmoja kitu. Ndilo jawabu la suala la pili lililotangulia, wala halipendezi.

Huenda mtu akasema: lakini jirani yule hakujua kuwa hapana aliyekwenda. Alidhani ana mwanawe. Mwanawe alidhani jirani yupo, au muuguzi hupita. Muuguzi alikuwa katika mapumziko ya Agosti akadhani ofisi imempeleka mwingine. Na ofisi ilidhani ana jamaa. Je, dhana si udhuru?

Suala hili ni la haki, na maulamaa hao hao walilitaja. Walisema kuwa fardhi ya kifaya humwangukia mtu pale inapomzidia katika moyo wake dhana ya kuwa mwenziwe amekwisha kuifanya. Hapana anayelazimishwa kuzunguka mji mzima akihakikisha kila kaburi limefukiwa. Lakini dhana yenye kufaa ni ile iliyo na dalili. Mtu aliyesikia sauti ya mazishi yakipita ana dalili. Mtu ambaye hakusikia kitu, na akajiambia kuwa pengine wamezika, hana dhana, ana matamanio. Na tofauti ya dhana na matamanio hujulikana kwa jambo moja: je, ilimgharimu nini kuhakikisha? Kama uhakika ulikuwa mbali na wa tabu, dhana yake ina nguvu. Kama uhakika ulikuwa hatua sita katika ukumbi wa ngazi, na kugonga mlango, basi aliyetosheka na dhana hakutosheka nayo kwa kuwa ni kweli bali kwa kuwa ni raha.

Na liko jambo la pili katika mlango huo, kali zaidi. Fardhi ya kifaya huweza kugeuka ikawa ya ain. Mtu akizama bandarini mbele ya waogeleaji kumi, kumwokoa ni juu ya kumi hao, na mmoja akijitupa huwatosha. Lakini akizama mbele ya mmoja tu anayejua kuogelea, hapo hapana kifaya tena. Fardhi imemshika huyo kwa nafsi yake kama sala ya adhuhuri ilivyomshika. Si kwa sababu ya udugu wala ya mkataba. Kilichomfunga ni kuwa yeye ndiye aliyeona. Sasa katika nyumba ya ghorofa saba, mwezi ambao wengi wamesafiri, aliyebaki katika ghorofa ya saba na akawa hasikii tena nyayo za bibi wa upande wa pili kwa siku mbili, yeye ni katika kumi au ni yule mmoja? Hakika ni yule mmoja, wala hakuomba kuwa ndiye. Kubaki kwake mjini, na kutosafiri kwake kwa uchache wa fedha, ndiko kulikomtia fardhi shingoni.

Watu wa Ufaransa wana udhuru mwingine, nao ni wa ungwana. Kwao kumwingilia mtu katika nyumba yake ni kumvunjia heshima, na mzee aliyekaa peke yake miaka thelathini huenda akachukizwa na mgeni anayeuliza kama amekunywa maji. Msomaji wa pwani asiukejeli udhuru huu, kwani naye ana wa kwake. Adabu aliyofunzwa ni kupiga hodi mara tatu, na asipojibiwa arudi wala asichungulie. Ni adabu njema na sitara ya nyumba imesimama juu yake. Lakini waliofundisha adabu hiyo waliitoa humo dharura: nyumba inayowaka moto, na mwenye kupiga ukelele wa kutaka msaada. Mwenye kupatwa na hari hapigi ukelele. Huchanganyikiwa kwanza, kisha husinzia. Kunyamaza kwake baada ya hodi ya tatu, katika siku kama zile, ndiko kunakotakikana kuhesabiwa kuwa ukelele, na katika Paris ya Agosti 2003 hapana aliyekuwa amefundishwa kuhesabu hivyo.

Kwamba jambo hili la kuonana lina uzito si maneno ya waadhi tu. Mji wa Chicago, Marekani, ulipatwa na hari kama hiyo katika Julai 1995, na waliokufa juu ya desturi walikuwa 739. Huko pia meya wa mji, Richard M. Daley, alianza kwa kuishuku hesabu ya tabibu wa maiti. Mwanachuoni wa mambo ya jamii, Eric Klinenberg, akatazama mitaa miwili iliyopakana, North Lawndale na South Lawndale. Hewa ni moja. Na katika mitaa yote miwili mlikuwa na maskini wengi, na wazee wengi wanaokaa peke yao. Na katika mtaa wa kwanza watu walikufa kiasi cha mara kumi ya walivyokufa katika wa pili, kwa kadiri ya idadi yao. Alichokiona ni kuwa mtaa wa kwanza ulikuwa umefilisika, maduka yamefungwa, viwanja vitupu, na wazee wakiogopa kutoka kwa ajili ya wahalifu. Katika wa pili njia zilijaa watu na maduka yako wazi, na mzee alikuwa na mahali pa kwenda na kitu cha kununua, akatoka, akaonekana. Watu wa South Lawndale huenda hawakuwa wema kuliko jirani zao kwa tabia. Mtaa wao ulikuwa ukiwafanyia nusu ya kazi ya wema bila ya wao kujua. Kwa hiyo lawama haimwishii jirani. Humfikia pia aliyeuacha mtaa ufe, na huyo mara nyingi ndiye mwenye mamlaka.

Serikali ya Ufaransa haikukaa bure baada ya msiba. Tarehe 30 Juni 2004 ilitoa sheria ya kuwasaidia wazee na walemavu. Kwa sheria hiyo kila mfanyakazi aliamrishwa kufanya kazi siku moja katika mwaka bila ya ujira, na fedha ya siku hiyo iingie katika mfuko wa wazee. Siku iliyowekwa ilikuwa Jumatatu ya Pentekoste, iliyokuwa siku yao ya kupumzika. Ilipofika mara ya kwanza, Mei 2005, watu wengi hawakwenda kazini, na wako waliogoma. Wale wale waliokuwa wakilaumu watoto wa wazee miaka miwili nyuma waliona siku moja ni nyingi. Hata hivyo si haki kuwacheka, kwa kuwa fedha yenyewe ina mushkili wake. Fedha hulipa muuguzi na hununua pangaboi, na mambo haya yana faida kubwa. Haiwezi kulipia kujua kuwa nyayo zimenyamaza.

Jambo hili lagusa pwani karibu kuliko inavyodhaniwa. Wako katika miji ya Mombasa na Dar es Salaam wazee ambao watoto wao wako Maskati, London na Toronto, na kila mwisho wa mwezi fedha hufika, nyingi, wala haichelewi. Nyumba ya baraza imeuzwa, na mama amepandishwa ghorofa ya nne katika jengo lenye lango la chuma na mlinzi, kwa ajili ya usalama wake. Mtoto hupiga simu Ijumaa. Hapana anayeweza kusema kuwa mtoto huyo ni mwasi. Huenda ndiye bora katika ndugu zake. Lakini kati ya Ijumaa na Ijumaa pana siku sita, na wa jengo hilo kila mmoja ana dhana kuwa mama wa ghorofa ya nne ana watoto wake.

Sheria ile ya 2004 iliamrisha pia kuwa kila meya awe na daftari la wazee na walemavu wanaokaa majumbani mwao, ili hari ikitangazwa watafutwe mmoja mmoja. Na mpango wa kutangaza hari ukawekwa kwa wilaya zote. Hari ilirudi katika Julai 2006. Kwa hesabu ya wataalamu, kwa kufuata kadiri ya joto, walitazamiwa kufa juu ya desturi watu wapatao 6,400. Waliokufa walikuwa kiasi cha 2,000. Tofauti hiyo ni maelfu ya watu waliobaki hai, na wataalamu waliinasibisha na mpango huo, na watu kujifunza, na kumbukumbu ya 2003 iliyokuwa ingali mbichi.

Ila daftari lina sharti moja. Hapana anayeandikwa kwa nguvu. Lazima mwenyewe atake, au mtu mwingine amwombee kwa kumjua, na akikataa huachwa. Katika miji mikubwa walioandikwa ni wachache wakilinganishwa na wazee waliomo. Ikifika siku ya hari, watumishi wa meya huwapigia simu walio katika daftari, huwauliza wamelalaje, wamekunywa nini, madirisha yamefungwa au la. Simu isipojibiwa, na jamaa asipopatikana, hupelekwa mtu kupanda ngazi na kubisha mlango.